Akaunti ya Baba Nyamarambe

Ukipita Keroka ukaona geti la chuma lenye simba wawili wanaotazamana, usiulize ni kazi ya nani. Ni yangu. Ukiona jingine lenye simba mmoja aliyepinda mdomo kama anaumwa na jino, hiyo ni kazi ya watu waliojaribu kuniiga. Mimi shule niliachia darasa la sita, mwaka ule mzee wetu alipofariki, na sikurudi tena. Leo nina karakana Keroka na nyingine Kisii mjini, nina lori langu, na mageti yangu yamefika mpaka Nairobi kwa watu wenye mbwa wakubwa kuliko ndama. Sijivuni. Nasema tu vile mambo yalivyo, ili msomaji ajue kwamba aliyeshindwa katika habari hii si mtu wa kushindwa ovyo ovyo.

Mambo ya simu pia nilijifunza mwenyewe. Programu nazichagua kama ninavyochagua chuma: nagonga kwanza, nasikiliza mlio. Kulikuwa na moja ya kupigia hesabu za mabati, nikaifuta siku ya pili kwa sababu ilitaka kujua majina ya watu wote ninaowapigia. Hesabu ya bati inahitaji shemeji zangu wa nini? Kulikuwa na kibodi iliyojifanya mwalimu. Naandika Kigusii, yenyewe inageuza kuwa Kiswahili, mpaka siku moja nikamtumia mzee mmoja wa kwetu pole ya msiba, ikamfikia ikiwa imekaa kama matusi. Ramani nayo iliweka karakana yangu ndani ya kanisa la jirani. Wateja wakawa wanaingia katikati ya maombi wakiuliza bei ya mageti, na pasta akaniambia nianze kutoa zaka ya matangazo. Nikawaandikia wenye ramani. Wakanishukuru kwa mchango wangu, na ramani ikabaki vile vile.

Na programu hizi kila mara huja na toleo jipya. Unaamka unakuta kitufe ulichozoea kimehamishwa, kama mtu aliyeingia kwako umelala akabadilisha mahali pa mlango. Utamuuliza nani? Hapa kwetu fundi akikuharibia kazi, unajua kwao ni wapi, unajua hata mama yake anauza ndizi soko gani. Wenye programu hawana kwao. Mke wangu, ambaye ametoka kule kando ya ziwa na ana duka la vitambaa Kisii mjini, alikuwa akiniambia kwamba nagombana na watu wasiojua kama nipo. Nilicheka. Nilimwambia hakuna mtu ambaye hawezi kujua kwamba nipo.

Sasa lazima nieleze neno moja, la sivyo yanayokuja hayataeleweka. Kwa Kigusii, mama huitwa baba. Ndiyo. Mama ni baba, na baba ni tata. Mtoto wa kwetu akilia "baba" gizani, mama yake ndiye anayeamka. Watu wa kabila nyingine hucheka, sisi tumezoea. Nyumbani kwangu tunaongea Kiswahili kwa sababu mke wangu hakukulia lugha yetu, na watoto huniita dadi. Kwa hiyo katika kinywa changu Baba alikuwa mtu mmoja tu duniani: mwanamke mfupi wa kijijini kwetu Nyamarambe, mwenye ndizi zake, mahindi yake, na ng'ombe mmoja aliyemheshimu kuliko alivyoheshimu viongozi.

Yeye naye aliniita Tata. Nilipewa jina la baba yake mzazi, aliyekufa kabla sijazaliwa, na kwa desturi yetu mama hawezi kulirusha jina la baba yake hewani kama anayeita mbuzi. Alisema Tata. Hata nilipokuwa mdogo na mkosaji, alinichapa kwa ufito wa mti wa kahawa huku akiniita baba yake. Nilipokuwa mkubwa na mali yangu, watu wakiniita mzee, bosi, mheshimiwa, yeye alisema Tata, na nikisikia hilo neno nilikuwa naficha mikono nyuma kama yule mdogo mkosaji. Hakuna mtu niliyemwambia jambo hili mpaka leo ninapoliandika.

Simu nilimnunulia mimi. Nilienda duka moja la Kisii mjini kwa mama muuzaji, naye pia mtu wa kando ya ziwa, mcheshi, tunayejuana naye kwa sababu mlango wa duka lake nilimtengenezea mimi. Aliuliza simu ni ya nani. Nikasema ni ya Baba. Akaiwasha, ikaanza kutaka akaunti, kwa sababu siku hizi hata simu haikubali kuwa simu mpaka iandikishwe kwa wakubwa wake. Ikauliza jina. Nikamwambia aandike Baba. Ikataka jina la pili.

"La pili ni nani, mzee?"

"Weka Nyamarambe."

Nililipenda hilo jina likiwa pale kwenye kioo. Baba Nyamarambe. Lilikaa kama cheo. Simu iliendelea kuuliza mengine, yule mama akabonyeza, akabonyeza, akanikabidhi. Sikuangalia alichobonyeza. Nani huangalia?

Mama hakujua kusoma, na zile programu za kutumiana ujumbe alizikataa. Alisema kuongea na mtu asiyejibu papo hapo ni kusalimia ukuta. Ndipo nikamtafutia ya kurekodi sauti, aongee anavyotaka, halafu tusikilize pamoja. Ya kwanza niliyojaribu ilikuwa inakatiza maneno yake na tangazo la kamari, na mama yangu alikuwa Msabato wa kweli, kwa hiyo hiyo ilifukuzwa mchana huo huo. Ya pili ilitaka malipo ya kila mwezi. Ya tatu ilikuwa ya ile kampuni kubwa yenyewe, wale waliotuandikisha akaunti dukani siku ya kununua simu: kitufe kimoja chekundu, kikubwa, bila matangazo, bila malipo. Sauti hazikai kwenye simu, ilisema, zinakaa kwenye wingu. Binti yangu, aliyesomea mambo haya, alinionya kwamba cha bure kina mwenyewe. Nikamwambia mimi nilikuwa nanunua vitu kabla yeye hajazaliwa.

Mama alitaka kujua ni wingu gani. Tulikuwa tumekaa barazani alasiri, na kama kawaida ya kwetu mawingu yalikuwa yamekwisha jaa juu ya vilima.

"Ikinyesha, Tata, maneno yangu yatamwagikia shamba la nani?"

Nilimwambia wingu la hao watu halinyeshi. Nilijibu kama mtu anayejua.

Akaipenda ile kazi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, alibonyeza kitufe chekundu akaongea. Aliongea kuhusu mbuzi wa jirani waliokula viazi vyake. Alisema nani amejifungua na mtoto amepewa jina la marehemu gani, na kama huyo marehemu alistahili kurudishwa. Aliimba wimbo wa kanisani akaruka ubeti ambao hakuupenda, kisha akaeleza kwa nini. Sabato baada ya ibada nilikuwa naendesha gari mpaka Nyamarambe na mikate na soda, tunakaa, tunasikiliza wiki nzima. Burudani yake kubwa ilikuwa kubishana na yeye mwenyewe. Sauti ikisema ng'ombe ametoa maziwa mengi, yeye pale kwenye kiti anasema, huyo mama anadanganya. Anacheka mpaka anapangusa macho kwa leso. Mara nyingine alinituma nimnyamazishe: "Zima huyo mwanamke, amezidi maneno."

Kila rekodi ilianza namna moja. Anakohoa kidogo, anasema "Tata." Halafu ananyamaza. Ananyamaza kama mtu aliyeita mlangoni na anangoja aitikiwe, na hapo katikati unasikia kuku, unasikia mvuke wa sufuria, wakati mwingine unasikia pumzi yake. Halafu anaendelea. Nilimwambia mara nyingi kwamba simu haitaitika, aseme tu. Alisema si simu anayoita.

Alifariki msimu wa mvua, moyo. Jirani alimkuta ameketi. Nilimfanyia mazishi ambayo Nyamarambe haijasahau: hema mpaka barabarani, fahali wawili, kwaya tatu, na jeneza lenye vishikio nilivyofua kwa mkono wangu, sikumruhusu mfanyakazi yeyote ashike nyundo. Katika umati ule mkoba wake ulipotea, na simu ilikuwa ndani. Dada yangu, aliyeolewa Sironga, ndiye aliyegundua, akalia upya. Nilimshika bega nikamwambia asilie kwa ajili ya kioo na betri. Sauti iko kwenye wingu, nikamwambia. Hata nilipopewa kipaza sauti kutoa shukrani, nililisema hilo mbele ya watu wote: mama yetu tutamsikia tena. Watu wakasema amina. Siku ile wenzangu walimzika mtu mzima. Mimi nilizika nusu, nikijua nusu nyingine nimeiweka mahali.

Nilingoja matanga yaishe. Kisha nikanunua simu nyingine, nikaiweka ile programu, nikaandika akaunti. Ikasema imetuma namba za siri kwenye laini ya mwenye akaunti. Laini ilikuwa ndani ya simu iliyopotea. Nikaenda kwa wenye laini, wakaniambia ya marehemu haifufuliwi mpaka korti iseme, na kesi ya urithi ni mambo ya miaka. Binti yangu akapekua mpaka akapata ukurasa wa ile kampuni kubwa ulioandikwa kwa ajili ya watu waliofiwa. Nikafurahi. Nikasema, kumbe wana roho. Tukajaza tulichoulizwa, tukaweka picha ya cheti cha kifo, kitambulisho cha mama, kitambulisho changu.

Jibu lilikuja haraka. Walisema wanatupa pole kwa kumpoteza baba yetu.

Waliendelea kusema kwamba akaunti ni ya mwanamume anayeitwa Baba Nyamarambe, na cheti tulichotuma ni cha mwanamke mwenye jina jingine kabisa, kwa hiyo kwa kulinda siri za mteja wao hawawezi kutusaidia. Mteja wao. Binti alinisomea mara mbili, mara ya pili polepole, kwa sababu nilidhani amekosea kutafsiri.

Nikaendesha gari mpaka lile duka la Kisii mjini. Mama muuzaji alinipa kiti, akanipa pole ya msiba, nami nikamuuliza alibonyeza nini siku ile simu ilipouliza kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Alikumbuka. Aliniangalia akaanza kuelewa huku bado anaongea.

"Mzee wangu, uliniambia simu ni ya baba. Ningejuaje baba yako ni mama yako?"

Akacheka, akajiziba mdomo, halafu macho yakamjaa maji akaomba msamaha. Sikuweza kumkasirikia. Mimi mwenyewe nimeoa kwao, na mke wangu mwezi wa kwanza wa ndoa yetu alinipikia kuku mzima siku niliyosema Baba anakuja, akidhani ni mmoja wa baba zangu wadogo, akashangaa kuona mama mkwe ndiye ameketi. Tulicheka miaka na miaka kwa sababu ya kuku huyo. Yule mama wa duka akaniandikia karatasi, akaeleza kosa ni lake. Tukaituma. Wakajibu kwamba wanatupa pole kwa kumpoteza baba yetu.

Binti akaandika kwa Kiingereza kizuri cha chuo, akaeleza kwamba lugha yetu ni Kigusii na kwamba ndani ya lugha hii baba maana yake ni mama. Jibu la hapo ndilo lililonivunja. Walisema wamezingatia maelezo yetu. Walisema Kigusii hakimo kati ya lugha wanazohudumia. Walisema kwa Kiswahili, lugha ambayo akaunti ilifunguliwa nayo, baba ni mzazi wa kiume. Nilikaa karakanani na ile simu mkononi, vijana wakichomelea nje, na mtu ambaye hajawahi kuonja jasho la nchi hii ananifundisha mama yangu ni nani.

Nikaenda kwa chifu. Alifikiri nimekuja kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nilipomwambia nataka barua yenye mhuri inayosema kwamba baba ni mama, aliweka kalamu chini.

"Barua nimeandika za kila aina, lakini hii ni ya kwanza. Nimuandikie nani?"

"Wenye kampuni."

"Sanduku lao la posta?"

"Hawana."

"Ofisi?"

"Hawana ya watu kama sisi."

Chifu akaniuliza kama ni kweli wale watu wanabisha. Nikamwonyesha. Naye pia ni Mgusii, naye pia alikuwa na Baba yake. Akavuta karatasi akaandika kwa mkono wake kwamba yeye, kwa mamlaka aliyopewa, anathibitisha kuwa katika jamii ya Abagusii mzazi wa kike huitwa baba, tangu mababu, na kwamba anayeitwa Baba Nyamarambe alimjua, alikuwa mwanamke, na alimkemea yeye chifu mwenyewe hadharani kwa sababu ya daraja. Akapiga mhuri, akaupiga tena kwa nguvu kama aliyeona mmoja hautoshi. Barua hiyo ni nzuri kuliko cheti chochote nilichowahi kukosa. Wakajibu kwamba stakabadhi ya aina hiyo haimo katika orodha ya stakabadhi wanazopokea.

Sasa nifanye nini? Mimi ni mtu wa biashara. Maisha yangu yote sijaona mlango usiokuwa na bei. Nikamwambia binti aandike maneno mawili tu: semeni bei. Hakutaka. Akaniambia, "Dadi, hakuna mtu huko. Ni mashine inajibu."

"Kila mashine ina mwenyewe."

"Huyo mwenyewe haoni hizi barua."

"Andika tu."

Akaandika. Wakajibu kwamba huduma hii haina malipo. Nimewahi kunyimwa kitu kwa sababu sina pesa, na hilo niliapa nikiwa kijana kwamba halitanipata tena, na halikunipata. Kunyimwa kitu kwa sababu hakiuzwi, hilo sikuwa nimelijengea ukuta.

Niliendelea kuwaandikia. Wakati mwingine niliandika mwenyewe, kwa Kiswahili changu, bila binti kujua. Niliwaambia si lazima wanipe zote. Niliwaambia wachukue mbuzi, viazi, nyimbo, majina ya watoto, wabaki navyo. Wanipe moja, hata ile fupi kuliko zote, wakate maneno waache mwanzo tu, pale anapoita na kunyamaza. Mashine ikajibu kwamba haikuelewa ombi langu, nichague moja kati ya yafuatayo.

Hatimaye ulikuja ujumbe ambao haukuwa jibu la chochote. Ulikwenda kwenye anwani ya binti yangu, kwa kuwa ndiye aliyeandikishwa kwenye lile ombi. Ulisema akaunti haijatumiwa na mwenyewe kwa muda mrefu, na kwa kufuata kanuni zao imeondolewa pamoja na vyote vilivyokuwemo. Binti alikuja Keroka kunionyesha uso kwa uso, hakutaka kuniambia kwa simu. Chini ya ujumbe kulikuwa na nyota tano za kijivu, wakiomba tueleze tumeridhika kiasi gani na huduma. Binti alitaka kubonyeza moja, kwa hasira. Nikamnyang'anya simu, nikabonyeza zote tano zikang'aa. Nilifikiri labda yuko mtu mahali fulani ambaye hufurahi akizipata, na akifurahi atafungua aangalie ni nani aliyempa.

Hakuna aliyefungua.

Nilikwenda Sironga kwa dada yangu tukakaa jikoni kwake, nikamwomba tukumbuke pamoja. Yeye anasema sauti ya mama ilikuwa nyembamba, hasa akiita mtu wa mbali. Mimi nasema ilikuwa na mkwaruzo. Tulibishana, watoto wawili wa tumbo moja, mpaka mboga yake ya chinsaga ikaungua sufuriani. Aliponiuliza nina uhakika gani, nilifungua mdomo nimuigize mama, ikatoka sauti ya fundi wa mageti. Dada akainama akaanza kukwangua sufuria. Mimi nikatoka nje nikakaa ndani ya gari.

Tangu msiba mke wangu hakuniingilia katika mambo haya, na hata siku moja hakunikumbusha kwamba aliniambia nagombana na watu wasiojua kama nipo. Alimpenda mama yangu kwa namna yake; Kigusii kidogo anachokijua alikipata kwake, wakimenya ndizi. Asubuhi moja mwaka huu nilikuwa mezani, nimekaa mbele ya kikombe kwa muda, nikitazama simu ambayo haikuwa imeandika kitu. Alikuwa amenipa mgongo akikata mkate. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na lafudhi yake ya ziwani:

"Tata, chai inapoa."

Nilimwambia asiniite hivyo tena. Sikupaza sauti, lakini nilivyosema, alielewa. Akasema sawa. Akaniwekea mkate, akafunika sukari, akaenda kufungua duka lake.

Hajarudia. Ni mwanamke anayeshika neno. Lakini sasa ziko asubuhi ambazo nakaa pale mezani nikiiacha chai ipoe makusudi, nikisikiliza nyayo zake jikoni, na mimi ambaye nimeomba kwa chifu, nimeomba kwa mashine, nimeomba kwa watu wasio na anwani, sijui nitamwombaje mke wangu aliseme tena.